Kisigino cha Baba Mkwe

Nimeshika miguu ya watu kwa miaka kumi na sita. Ndiyo kazi yangu katika hospitali moja ya Mbeya: mtu akivunjika, akiteguka au akipooza, daktari akishamaliza yake humleta kwetu, kwenye chumba ambacho wagonjwa wanakiita "kwa mazoezi". Sura za watu nasahau upesi, na majina nasahau kabla mtu hajafika getini, lakini mguu niliowahi kuushika nautambua hata sokoni. Kwa hiyo ni jambo la ajabu kidogo kwamba mguu ninaoukumbuka kuliko yote ni ule ambao sikuushika. Ulikuwa wa baba mkwe wangu.

Mimi ni Mhehe wa Kihesa, Iringa. Mume wangu ni Mnyakyusa ambaye wazazi wake walihamia Uyole kabla yeye hajazaliwa. Sisi wenyewe tunaishi Iyunga, upande wa pili wa jiji, na umbali huo ulinifaa. Wiki mbili kabla ya ndoa, shangazi yake aliniketisha akanieleza mambo ya baba mkwe. Usimtazame usoni. Usikae naye chumba kimoja. Jina lake usilitamke, hata kama ni jina la mtu mwingine. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayetoka njiani, unageuka kando mpaka apite. Mume wangu alicheka aliposikia, akasema hayo ni ya wazee wa Tukuyu, siku hizi nani anayafuata. Mama yangu hakucheka. Aliniambia, "Umeolewa na watu wenye mila zao. Usije ukatuaibisha."

Mgeni ni kuku mweupe. Sikutaka isemwe kwamba binti wa Kihehe hana adabu, basi nikaishika mila ile kwa mikono miwili. Wake wa shemeji zangu, Wanyakyusa wa kuzaliwa, walikuwa wakiinamisha macho tu na kupita na sinia la chakula. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba, hata kwenye tope, nikaingilia mlango wa jikoni. Kwa miaka kumi na moja nilimjua baba mkwe kwa kikohozi chake, kwa sauti yake upande wa pili wa ukuta, na kwa mgongo wake alipokuwa akienda shamba. Nilisifiwa sana kwa hilo. Nakiri kwamba sifa zile zilinipendeza.

Shamba lenyewe liko kwenye mlima juu ya Uyole, la viazi, na limeinama kiasi kwamba mgeni akisimama pale anatafuta cha kushika. Wanawe watatu walikuwa wanataka likodishwe, mzee apumzike. Yeye alisema atapumzika akishazikwa. Basi mwezi wa pili mwaka ule, mvua zikiwa zimekolea, mama mkwe alinipigia simu kwamba mzee ameumia mguu, ana wiki mbili anachechemea. Wanawe walikuwa wamekwisha kukaa kikao, na mzee mwenyewe, kwa kiburi chake, ndiye aliyetoa sharti: mguu usipokuwa umepona mvua za kupandia zitakapoanza mwishoni mwa mwaka, atawaachia shamba, na hatasema neno.

Mume wangu alinigeukia akasema, "Kazi hiyo ni yako."

Kwenye chumba chetu tulikuwa wataalamu wawili tu, mimi na mwenzangu mmoja wa kiume, na yeye alikuwa likizo. Angerudi baada ya siku kumi. Ningeweza kumwambia mzee angojee. Sikutaka baba mkwe afike hospitali ninayofanya kazi mimi kisha arudishwe nyumbani. Nikasema waje Jumatano.

Walikuja wameoga, nguo zao zimepigwa pasi. Nilisikia sauti zao kwenye korido nikaingia chumbani mbele yao, nikavuta pazia la kijani katikati ya kitanda na meza yangu, nikakaa upande wangu na faili. Mama mkwe aliingia, akalitazama lile pazia, akanitazama mimi. Akamkalisha mzee kitandani. Chini ya pazia niliona viatu vyeusi vya kwenda kanisani, vimepigwa rangi vikang'aa, na soli zake bado zilikuwa nzima. Kwa kawaida kiatu kinanieleza nusu ya habari kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Vile havikunieleza chochote.

"Mama, muulize anaumwa wapi hasa."

Mzee alinisikia vizuri tu. Pazia ni kitambaa. Akajibu kwa sauti ya kutosha watu wa korido nzima. "Nyuma huku. Kuanzia kisigino, inapanda."

"Anasema kisigino," mama akaniambia.

"Muulize aliumiaje."

Hapo kukawa na mazungumzo marefu ya Kinyakyusa, ya chini chini. Kinyakyusa changu ni cha salamu na cha jikoni. Nilisikia jina la jirani yao likitajwa, nikasikia mama akimkatisha. Kisha akanigeuzia Kiswahili. "Aliteleza shambani."

Nikaandika: ameteleza shambani.

"Asubuhi akiamka kinauma zaidi?"

"Asubuhi ndiyo kabisa," mzee akasema.

"Mama, minya chini ya kisigino. Halafu pandisha kidole nyuma yake. Umevimba?"

"Kavimba kidogo. Lakini kavimba tu kama mtu aliyeumia."

"Mwambie aukunje na kuukunjua."

"Anakunja. Anakunjua. Si huyu hapa, anachezesha."

Naandika hivi nikijua kila mtu wa kazi yangu atakayesoma ameshaanza kukasirika. Mguu hupimwa kwa mkono na kwa jicho. Mgonjwa mwenye maumivu nyuma ya kisigino unamlaza kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, unaliminya shavu la mguu. Ile kano nene inayoshuka mpaka kisiginoni ikiwa nzima, wayo unajivuta wenyewe. Ikiwa imekatika, wayo unabaki ulivyo, hata kama mwenyewe anaweza kuuchezesha kwa kano nyingine ndogo. Ni kipimo cha sekunde kumi. Nimewafundisha wanafunzi wengi tu. Siku ile kilinijia kichwani, na nikakiacha kipite, kwa sababu kingenitaka nisimame, nivute pazia, na niweke mkono wangu kwenye mguu mtupu wa baba mkwe.

Nikaamua ni maumivu ya kawaida ya kisigino, ya kukakamaa kwa misuli ya nyuma, ambayo tunayaona kila siku. Dawa yake ni kunyoosha. Nikamweleza mama, naye akamweleza mzee ambaye alikuwa amekwisha kunisikia: asimame mbele ya ukuta, aweke mikono, arudishe mguu mbovu nyuma, kisigino chini, ausukume ukuta mpaka asikie unavutika. Mara thelathini asubuhi, thelathini jioni. Akikaa, avute wayo kwa kanga. Walipoondoka mzee alisema, "Ndaga," yaani asante, kuelekea kwenye pazia. Nilijisikia vizuri siku nzima. Nilikuwa nimefanya kazi bila kuvunja heshima, na nilifikiri kwamba jambo kama lile si kila mtu angeliweza.

Taarifa za wiki zilizofuata zilikuwa nzuri. Maumivu yamepungua, mama akisema kwenye simu. Uvimbe umekwisha. Na mazoezi? "Anasukuma ukuta mpaka nasema utaanguka. Wewe umesema thelathini, yeye anafanya sitini. Anasema mkwe akisema jambo, ulizidishe."

Mwezi wa tano kulikuwa na ubarikio wa mjukuu wao, nasi wote tukaenda Uyole. Nilikuwa jikoni, karibu na dirisha, namenya ndizi. Mzee akapita uani akiwa amenipa mgongo, anakwenda kuwapokea wageni. Desturi ingenitaka niinamishe macho. Nilichelewa kidogo tu, mtu mwenye kisu mkononi huchelewa, nikaona hatua nne au tano.

Mguu wa kulia ulikuwa unatua wote kwa pamoja na kunyanyuka wote kwa pamoja. Kisigino hakikupanda. Suruali ilikuwa ya kitambaa chepesi, na upepo wa Uyole unaufahamu. Uliigandisha miguuni, nikaona shavu la mguu wa kulia limekwisha, halilingani na la kushoto. Hatua ya namna ile sihitaji maelezo ya mtu kuitambua: ni ya kano iliyokatika. Nilikaa chini na kisu changu. Niliogopa, na nyuma ya woga ule nilikuwa na hasira, na wa kumkasirikia sikumwona isipokuwa mimi.

Nilimvuta mama mkwe kando ya stoo. Nikamwambia, "Mama, aliumiaje? Nieleze yote."

Alijifuta mikono muda mrefu. Kisha akanieleza. Hakuteleza. Pikapu ya kubeba viazi ilikuwa imekwama kwenye tope, wakawa wanaisukuma, mzee mbele na jirani yao nyuma yake. Ghafla mzee akasikia amepigwa jiwe nyuma ya mguu, na mlio wake akausikia. Akageuka, akamwona jirani, akamshika shati. Akamwambia hadharani kwamba amempiga jiwe kwa ajili ya mambo ya mpaka wa shamba. Jirani akaapa. Jiwe likatafutwa, halikuonekana. Ikabidi wazee wa kanisa wawapatanishe, na mzee akaomba radhi. "Sasa mambo ya aibu kama yale," mama akasema, "ya kwenda kuyaandikisha hospitali ya nini?"

Mtu yeyote wa kazi yangu akisikia maneno "nikadhani nimepigwa jiwe nyuma ya mguu", hana haja ya kuuliza zaidi. Hivyo ndivyo kano ile inavyokatika. Karibu wote hugeuka kumtafuta aliyewapiga. Mzee alikuwa ameyasema maneno hayo, kwa Kinyakyusa, hatua mbili kutoka nilipokaa na kalamu.

Nikamwambia mama kwamba kama ningemshika siku ile ningejua, ila ndiyo hivyo, mila. Nadhani nilitaka anifariji.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mila gani? Hospitali si nyumbani. Mwaka juzi alipolazwa, mke wa mwanangu wa pili, yule nesi, si ndiye aliyekuwa anamchoma sindano na kumwogesha? Kazi ni kazi. Ile Jumatano kabla hatujatoka aliniuliza, 'Kwa hiyo mkwe atanishika?' Nikamwambia ndiyo kazi yake. Akanawa miguu mara mbili. Tumefika pale, tunakuta umefunga pazia. Akasema basi, huyu mwenzetu anaheshimu kuliko sisi, tusimwaibishe."

Sina maelezo mazuri ya nilivyojisikia. Niliona aibu, na ni aibu ambayo mpaka leo ikinijia naacha ninachokifanya. Mkamia maji hayanywi. Nilikuwa nimejifunza mila ya watu mpaka nikawapita wenyewe, na huko nilikofika nilikuwa peke yangu na pazia langu.

Mwenzangu alikuwa amerudi zamani. Nilimpeleka mzee kwake wiki iliyofuata, nikamweleza kosa langu bila kulipunguza. Hakunilaumu, alisema tu, "Mficha uchi hazai," na sikujua anamsema mzee na jiwe lake au mimi. Akamlaza kifudifudi, akaminya. Mimi nilikaa korido. Alitoka akatikisa kichwa. Kwa kidole alikuwa amelikuta pengo, lenye kovu laini katikati, refu kuliko ambavyo lingekuwa kama mguu ungetulizwa mapema. Kano iliyokatika inataka wayo uelekee chini, ncha mbili zikaribiane, zitulie wiki nyingi. Sisi tulikuwa tumeinyoosha mara sitini asubuhi na mara sitini jioni.

Daktari wa mifupa alisema operesheni bado inawezekana, lakini kwa jeraha la muda ule na umri ule hawezi kuahidi. Mzee akakataa kisu. Basi tukafanya yaliyobaki. Mimi niliandika mpango, mwenzangu akausimamia. Fundi viatu wa Uyole alimwongezea soli ndani ya buti, upande wa kisigino. Alifanya mazoezi ya kujinyanyua kwa miguu yote miwili akishikilia meza, kisha ya kupanda ngazi, kisha ya kubeba debe. Alifanya kila kitu alichoambiwa. Mwezi wa tisa alikuwa anatembea barabara ya lami bila mkongojo, na mtu asiyejua asingetambua kwamba aliumia. Lakini shamba lake haliko kwenye lami. Kupanda mlima kunataka mguu usukume, na kusukuma kunataka kisigino kinyanyuke chini ya uzito wa mwili mzima. Mwenzangu aliandika mara tatu kwamba hakijanyanyuka. Mzee mara tatu akasema kimenyanyuka kidogo.

Mvua zilipokaribia, wanawe wakakutana tena. Hawakutaka kumnyang'anya. Wakakubaliana kwamba mtaalamu aseme, na neno lake liwe la mwisho. Mwenzangu alikuwa tayari kwenda. Lakini asubuhi ya Jumamosi ile mama mkwe alipiga simu, akasema mzee hamtaki yule kijana, ananitaka mimi.

Nilimkuta mama njiani chini ya shamba. Alinionyesha kule juu kwa kidevu, akainama kwenye mboga zake, akaniacha nipande peke yangu. Njia ile imechongwa vidato kwenye udongo, na mvua ya usiku ilikuwa imeilainisha. Mzee alikuwa amesimama pembeni ya matuta ya juu, karibu na nguzo ya mkaratusi, amenipa mgongo. Alikuwa amevua buti na kukunja suruali mpaka magotini. Nikasimama hatua tano nyuma yake. Sikujua nimwamkie vipi, sikuwa nimewahi.

"Umefika," akasema bila kugeuka. "Wewe ndiye unajua. Angalia."

Akashika nguzo, akakunja mguu wa kushoto, akasimama na wa kulia peke yake. Akajivuta. Mabega yalipanda, kiuno kikasogea mbele, na misuli ya shingo ikajitokeza. Nimewaona wengi wakifanya hivyo. Mtu akiwa ndani ya mwili wake anaamini kabisa kwamba amenyanyuka.

"Kimepanda?"

Wayo wote ulikuwa chini, na udongo ulikuwa umejaa katikati ya vidole.

"Hakipandi, baba."

Lilikuwa neno langu la kwanza kwake katika miaka kumi na moja. Akabadilisha mkono kwenye nguzo, akajaribu tena, safari hii polepole, mpaka mguu ukaanza kutetemeka.

"Na sasa?"

"Hakipandi. Unavuta nguzo, baba. Mwili ndio unaosogea."

Akateremsha mguu wa kushoto, akageuka. Nikamtazama, maana sikuwa na pa kutazama pengine. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto ambalo mume wangu hakuwahi kunitajia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa ile nguvu aliyotumia.

"Ungenishika ile siku," akasema, "kingepanda?"

Swali hilo wagonjwa huuliza, kwa namna moja au nyingine, na majibu yake tunayo tayari. Kila mwili na wake, tunasema. Hakuna ajuaye, tunasema. Majibu hayo yote yalinifika mdomoni.

"Ndiyo, baba. Nadhani kingepanda."

Aliitikia kwa kichwa mara mbili, taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokuwa akiijua. Akalitazama shamba lake mpaka kule juu linakokutana na miti.

"Na mimi ningesema mwenyewe," akasema. "Nilikuwa na mdomo." Kisha akaokota buti zake. "Waambie wakodishe. Wewe waambie, mimi nilishaahidi sitasema neno."

Nikamwambia nitawaambia. Akavaa buti akiwa ameegemea nguzo, akakataa nisimsaidie. Alipomaliza alitazama vidato vya ile njia, vilivyokuwa vinang'aa kwa maji, akaninyooshea mkono.

"Haya, nishike. Tushuke."

Nikamshika juu ya kiwiko, mahali tunapowashika wagonjwa wote. Akaanza kutanguliza mguu mzima. Nikamzuia, nikamwambia kwamba wakati wa kushuka mguu mbovu ndio unatangulia. Akautanguliza.